Viti vya mtumba kwa gari la porini la zamani: vya gari lile lile, vya gari jipya zaidi, au vya gari dogo?

Kiti kilichochoka hukuambia kupitia kiuno kabla macho hayajaona. Unashuka garini baada ya saa tatu za njia ya makorongo, unajinyoosha, unazilaumu springi za gari, kumbe springi hazina kosa. Sponji imegeuka unga, fremu imelala upande wa mlango, na muda wote huo umekuwa ukiendesha umejikunja kama mtu anayechungulia dirishani. Nimeyapitia hayo kwenye magari matatu ya porini, yote ya zamani, yote yenye injini nzima na viti vilivyokufa. Mara zote tatu nilitafuta viti kwenye magari yaliyochinjwa, yaani yaliyovunjwa ili kuuzwa vipuri, na mara zote tatu niliishia na uamuzi tofauti.

Wengi wanaokosea kwenye jambo hili hukosea kwa namna moja. Wanafika yadi, wanakikalia kiti, wanakiona laini, wanalipa. Ulaini ni swali la mwisho. La kwanza ni kiti kitashikwa na nini kwenye sakafu yako, na la pili ni mkanda utashikwa na nini. Kiti kizuri kikifungwa kwenye bati lililoliwa na kutu, siku ya ajali kinang'oka na mtu wake. Nitazilinganisha njia zote kwa kuanzia hapo.

Pengine kiti chako hakijafa

Toa kiti nje ya gari, kipindue, utazame tumbo lake. Ukikuta unga wa njano sakafuni, hiyo ni sponji iliyokauka na kuvunjika. Tazama springi za mawimbi kama zimekatika au zimechomoka kwenye ndoano zake, na kama ni mikanda ya mpira, ivute uone kama bado inarudi. Kisha tazama jambo lenye uzito kuliko yote: pale mgongo wa kiti unapoungana na sehemu ya kukalia, kuna ufa kwenye weldingi? Reli zinacheza hata zikiwa zimefungwa?

Fremu ikiwa nzima na reli zikishika, huhitaji kiti kingine. Unahitaji sponji na kava. Kiti cha dereva hufa kwanza, na hufa upande wa mlango, kwa sababu gari ni refu na kila unapopanda au kushuka paja linaburuta ule ukingo. Kiti cha abiria mara nyingi bado kina nusu ya maisha yake. Kwenye magari mengi ya zamani sehemu za kukalia za viti viwili vya mbele zinafanana, au zinakaribiana kiasi kwamba fundi wa viti anaweza kuhamisha sponji ya abiria kwenda kwa dereva kwa kazi ndogo. Gari langu la pili liliponea hapo: fremu za asili, sponji moja ya abiria kutoka gari lililochinjwa, kava jipya. Halikutobolewa tundu hata moja.

Viti vya gari lile lile

Hii ndiyo njia ya mtu asiyetaka kuchomelea. Matundu ya bolti yanakutana, urefu ni ule ule, kifungio cha mkanda kiko pale pale, na wenzo wa kulaza kiti haugongi mgongo wa giaboksi (lile bati lililoinuka katikati ya sakafu) wala nguzo ya mlango. Ukiwa na spana, asubuhi moja inatosha.

Tatizo ni umri. Kama gari lako lina miaka 30, gari lililochinjwa la aina hiyo nalo huenda lina miaka kama hiyo, na kiti chake kimekaliwa miaka hiyo yote. Unaweza kubeba uchovu wa mtu mwingine na kuuweka badala ya wako. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza viti vya abiria, na hutafuta gari la toleo la karibuni zaidi la ukoo ule ule. Magari ya porini yana heri hii kwamba maumbo yao hukaa miaka mingi bila kubadilika. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kutoka 1984 na zinaendelea kuundwa. Land Rover ya umbo lile tunaloliita Defender ilikwenda hadi Januari 2016. Kwa hiyo gari lako la zamani lina ndugu wadogo wengi, na viti vya hao wadogo havijachoka sana kama vyako.

Lakini undugu si dhamana. Ndani ya ukoo mmoja kampuni hubadilisha reli, upana wa miguu, hata pembe ya sakafu. Nenda yadi na vipimo vinne vimeandikwa: umbali kati ya bolti za mbele kushoto na kulia, ule wa bolti za nyuma, umbali wa mbele hadi nyuma kila upande, na tofauti ya kimo kati ya bolti za mbele na za nyuma. Hicho cha nne ndicho watu husahau, na ndicho kinachofanya kiti kikae kimeinama kama kinataka kukumwaga.

Viti vya gari jipya zaidi, la aina nyingine

Hapa ndipo raha ilipo, na ndipo matatizo yalipo.

Raha yenyewe ni ya kweli, wala si maringo. Kiti cha miaka ya karibuni kimechongwa kushika nyonga, kina msaada wa kiuno unaorekebishwa, na kina kiegemeo cha kichwa. Magari mengi ya porini ya zamani yana migongo mifupi inayoishia mabegani. Marekani, kwa mfano, ilianza kudai viegemeo vya kichwa kwenye magari ya abiria mwaka 1969, lakini magari ya kazi na ya porini yaliachwa hadi 1991. Ukigongwa kwa nyuma ukiwa kwenye kiti cha mgongo mfupi, shingo inarudi nyuma bila cha kuizuia. Kwa sababu hiyo peke yake naelewa kabisa mtu anayehangaika kuingiza kiti kigeni.

Sasa mkanda. Kwenye gari la zamani, kifungio cha mkanda kwa kawaida kimefungwa kwenye sakafu. Kwenye magari mengi mapya kimefungwa kwenye fremu ya kiti chenyewe. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uifikirie siku ya kugongana. Kifungio kikiwa sakafuni, sakafu ndiyo inayokuzuia, na kiti kinajizuia chenyewe. Kifungio kikiwa kwenye kiti, uzito wako unapita kwenye reli, kwenye miguu ya kiti, kwenye zile bolti ulizofunga wewe, hadi kwenye bati. Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu sehemu za kushikia mikanda, huzijaribu sehemu hizo kwenye gari la abiria kwa kuvuta nyutoni 13,500 kifuani na nyingine 13,500 kiunoni. Kila moja ni kama kuning'iniza uzito wa kilo 1,375. Mkanda ukiwa umeshikwa na kiti, huongezwa mvuto wa mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe. Kiti cha kilo 25 kinaongeza nusu tani. Tazama sakafu ya gari lako, ile yenye kiraka, halafu ujiulize.

Dawa yake ni rahisi mara nyingi: toa kifungio kilichokuja na kiti, utumie kile cha asili cha gari lako pale kilipokuwa. Kaa, funga mkanda, uchunguze. Sehemu ya chini ipite kwenye mifupa ya nyonga, isipande tumboni. Shina la kifungio lisibanwe na ukingo wa kiti hadi likapinda. Na pale mkanda unapotoka juu kwenye nguzo pasiwe chini ya bega lako, maana kiti kikiwa kirefu kuliko cha zamani, bega nalo linapanda.

Viko pia viti ambavyo mkanda mzima, hadi ule wa begani, umejengwa ndani ya mgongo wa kiti. Range Rover ya kwanza ya 1970 ilikuwa navyo mbele, na magari mengi ya paa la kukunja yanavyo kwa kuwa hayana nguzo ya kushikia. Viti hivyo viache. Vinahitaji sakafu iliyosanifiwa kwa ajili yake.

Mifuko ya hewa inataka uangalifu wa pekee. Ukiona soketi ya njano chini ya kiti, au alama ya mfuko wa hewa ubavuni mwa mgongo wake, ujue ndani kuna kilipuzi. Hakijui kwamba gari lake limekufa. Kabla ya kukichomoa, betri ya gari hilo itolewe na usubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe. Kamwe usiguse nyaya hizo kwa tochi ya kupimia wala mita. Kikiwa kwenye gari lako lisilo na kompyuta ya kukiongoza, hakitakulinda kwa lolote, ila kitabaki karibu na mbavu zako. Mwenye ujuzi wa mifuko ya hewa akitoe, au uchague kiti kisicho nacho. Mimi huchagua kisicho nacho.

Kuhusu umeme, ushauri wangu ni mfupi: kama kiti cha kuvuta kwa mkono kinapatikana, chukua hicho. Mota za kiti cha kawaida chenye swichi zake zinaweza kufanya kazi kwa waya mnene na fyuzi inayofaa, lakini viti vinavyoongozwa na kompyuta ya gari havitasogea bila kompyuta hiyo, na utakuwa umenunua kiti kilichoganda pale alipokiacha mwenyewe wa kwanza. Mota na soketi zake hukaa chini kabisa, mahali maji huingia kwanza unapovuka mto na mahali vumbi hulala. Na kuna magari ya dizeli ya zamani, baadhi ya Land Cruiser zikiwemo, yenye mfumo wa volti 24. Mota ya volti 12 ukiiunganisha humo moja kwa moja, unaiunguza.

Halafu kimo. Kiti cha umeme ni kirefu, kwa sababu mota zimejificha chini yake. Gari la porini la zamani nalo mara nyingi lina sanduku la bati chini ya kiti, ambamo huwekwa betri, na kwenye baadhi ya Land Rover za kale tangi la mafuta. Urefu juu ya urefu. Ukipanda sentimita tano tu, mapaja yanasugua usukani, macho yanatazama ukingo wa juu wa kioo, na kwenye shimo la kwanza kichwa kinagonga paa. Pima kutoka chini ya mguu wa kiti hadi juu ya sponji mtu akiwa ameketi, si kiti kikiwa kitupu. Ukishakaa garini, ngumi yako iliyosimama wima ipite kati ya kichwa na paa.

Viti vya gari dogo

Inashangaza, lakini viti vya magari madogo ya michezo vimekuwa kipenzi cha wenye magari ya porini membamba. Vya Mazda MX-5 vinajulikana sana kwa kazi hii. Sababu ni ya vipimo: ni vyembamba, kwa hiyo vinapita kati ya mgongo wa giaboksi na mlango, ni vifupi kwenda juu, kwa hiyo vinakuachia nafasi ya kujenga miguu imara chini yake, na vingi ni vya kuvuta kwa mkono. Wenye Suzuki Samurai wana njia yao nyingine, kuchukua viti vya Vitara, ndugu yake mkubwa, na kurekebisha miguu.

Kasoro ya kiti cha gari la michezo sikuiona hadi nilipokiendesha siku nzima. Kwenye gari lake la asili dereva amekaa chini, miguu imenyooka mbele, kwa hiyo sehemu ya kukalia imeinuliwa mbele na kushushwa nyuma. Kwenye gari la porini unakaa wima, magoti yamekunjwa, pedali ziko chini yako. Ukikifunga kwa pembe yake ya asili, ukingo wa mbele unakata damu nyuma ya mapaja na mguu wa klachi unakufa ganzi. Niliirekebisha kwa kuinua miguu ya nyuma sentimita mbili na nusu, na kiti kikawa kingine kabisa. Kwa hiyo ukichagua njia hii, usichomelee miguu moja kwa moja. Ishike kwanza kwa muda, endesha kwa mwendo mdogo mahali pa faragha, ujaribu pembe mbili tatu.

Kingo zake za ubavuni pia ni ndefu. Barabarani zinakushika vizuri, lakini kwa mtu anayepanda na kushuka mara ishirini kwa siku zinakera, na zitachakaa pale pale zilipochakaa za kwanza. Mtu mzima mwenye magoti mabovu usimwekee viti hivi.

Viti vya mashindano, vile vya umbo la ganda, naviweka kando. Vimetengenezwa kwa mikanda ya mashindano, vina sponji kidogo, na vile vilivyothibitishwa na FIA, shirikisho la kimataifa la magari linalosimamia mashindano, kwa kiwango cha 8855-1999 vina muda wa miaka 5 tangu kuundwa. Cha mtumba mara nyingi kimeshaupita. Viti vya malori vyenye springi ya upepo ni raha tupu kwa mgongo, ila vinahitaji kimo ambacho magari machache ya porini yanacho.

Ukifika yadi

Hapa haijalishi umechagua njia ipi. Mara ya kwanza nilinunua jozi safi, kava bila mchubuko, na muuzaji akaapa kwamba gari lilikufa injini. Nilipofungua kava nyumbani nikakuta tope laini limekauka ndani ya sponji, na reli zimeoza kwa ndani. Gari lilikuwa limezama. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kuingiza vidole chini ya kava na kunusa. Harufu ya ukungu haifichiki.

Tazama pia dalili za ajali. Kilaze kiti na ukisimamishe. Mgongo ukienda mshazari, fremu imepinda. Linganisha cha kushoto na cha kulia: shina la kifungio la upande mmoja likiwa fupi kuliko la mwenzake, yaelekea kifaa cha kukaza mkanda kimeshafyatuka, maana yake gari liligongwa mtu akiwa amekaa hapo. Mshono wa ubavuni ukiwa umepasuka kwa mstari ulionyooka, mfuko wa hewa umeshatoka. Viti hivyo viache hata kama ni bure. Na mikanda iliyokwisha kuvuta mtu kwenye ajali haitumiki tena.

Kama gari lako lina milango miwili tu, hakikisha kiti kinainama mbele kumpisha abiria wa nyuma. Kiti cha gari la milango minne hakifanyi hivyo, na utaligundua siku ya safari.

Kukifunga

Viti vya gari lile lile vinakuepusha na sehemu hii. Vingine vyote vinakuingiza humo, na ndiyo maana naiona kuwa nusu ya uamuzi wenyewe.

Usirundike washa kufikia kimo. Usitumie mbao. Usikate wala kuchomelea reli zenyewe, kwa kuwa chuma chake kimetiwa ugumu na joto linakilegeza. Jenga fremu ya kati kwa bapa nene au bomba la mraba, ifungwe kwenye matundu ya asili ya gari, na kiti kifungwe juu yake. Bolti ziwe za daraja 8.8 au 10.9, namba imepigwa kichwani. Isiyo na namba ni ya kufungia mbao za uzio. Ukilazimika kutoboa tundu jipya kwenye bati, weka sahani ya chuma upande wa chini. FIA kwenye magari ya mashindano hudai sahani yenye eneo la sentimita za mraba 40 na unene wa milimita 3 kwa kila tundu, na bolti isiyopungua milimita 8. Hakuna sababu ya gari la familia kupata pungufu ya hapo. Kama sanduku la chini ya kiti ni la alumini, paka rangi au weka mpira mwembamba kati yake na chuma, la sivyo unyevu utaila alumini kuzunguka kila bolti.

Bolti za mikanda usizibadilishe kwa chochote ulichookota. Zile za asili zina ukubwa na ugumu wake. Zirudishe zile zile.

Mimi ningefanyaje

Fremu ikiwa nzima, ningebaki nayo na kutafuta sponji. Fremu ikiwa imekufa na sakafu ina wasiwasi wowote, ningechukua vya gari lile lile, toleo la karibuni zaidi nililopata, hata kama kava lake ni baya, kwa sababu kava hushonwa. Sakafu ikiwa imara, dereva akiwa na maumivu ya mgongo na safari zikiwa ndefu, ningevumilia kazi ya kiti cha gari jipya zaidi: cha kuvuta kwa mkono, bila mfuko wa hewa, na mkanda ubaki sakafuni. Vya gari dogo ningevichukua pale tu upana unaponinyima vingine, maana kwenye magari yale membamba kabisa ndivyo vinavyoingia bila kukata kitu.

Chochote utakachofunga, kagua bolti zote baada ya wiki ya kwanza ya njia mbaya. Kwenye gari langu la tatu mbili kati ya nane zilikuwa zimelegea robo mzunguko, nami nilikuwa nimezikaza kwa mikono yangu mwenyewe.